Mikono ya Mama Brashi

Mama Brashi aliingia chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na mitatu, na rangi ya miaka ishirini chini ya kucha. Mtaani kwake hapakuwa na bucha wala saluni asiyoichorea bango: ng'ombe wanaotabasamu, wanawake waliosukwa wakasukika. Kilichompeleka kusomea sanaa ni zahanati. Ilitaka kuta zake zipambwe kwa picha, lakini na mchoraji mwenye shahada.

"Nafuata karatasi tu," alimwambia bintiye. "Kuchora najua."

Wiki ya kwanza tu akaambiwa hajui. Mhadhiri wa uchoraji, bwana asiyevua skafu hata jua likiwaka, alisimama mbele ya kazi yake akahuzunika.

"Huyu ni ng'ombe."

"Ndiye, mwalimu."

"Hapo ndipo penye tatizo. Anaeleweka mno. Mtazamaji umemwachia kazi gani?"

"Kununua nyama."

Darasa likavunjika mbavu. Mama Brashi akapata alama thelathini na nane.

Wenzake, watoto wa rika la bintiye, waliongea sanaa mpaka povu likawatoka, ila mikono ya binadamu iliwatoa jasho. Vidole vyao vilifanana na karoti. Siku moja binti waliyemwita Dhana, kwa kuwa neno hilo halikukauka mdomoni mwake, alimnong'oneza:

"Mama, nichoree huu mkono tu. Mimi nitakuandikia insha."

Insha ya nadharia ya sanaa ilikuwa imemshinda wiki nzima. Alikubali. Dhana akamwandikia kurasa sita ambazo Mama Brashi alizisoma mara mbili asiambulie kitu; zikapata themanini. Habari zikaenea, kila mkono ukalipwa kwa insha, na kufikia mwaka wa mwisho hapakuwa na mkono darasani ambao hakuuchora yeye.

Siku ya maonyesho alikuja mtahini kutoka chuo kingine. Alizunguka ukumbi, akarudi, akazunguka tena.

"Ajabu! Idara nzima ina mkono mmoja!"

Mhadhiri alivimba kichwa. "Ndio mkondo wetu. Tumeulea kwa miaka mingi."

Wakafika kwenye picha ya Mama Brashi mwenyewe, mama akimwogesha mtoto. Mtahini akatikisa kichwa.

"Huyu anaiga wenzake. Hana sauti yake."

Mama Brashi aliuma meno. Kesho yake alimfuata mhadhiri ofisini, akamwaga yote. Bwana yule aliilegeza skafu kwa mara ya kwanza.

"Makala yangu kuhusu mkondo huo imeshatumwa," alisema. Kisha akamkazia macho. "Na insha zako, mama, aliziandika nani?"

Mama Brashi akaaga kwa adabu zote na kufunga mlango taratibu.

Alipewa shahada ya daraja la chini kabisa, na zahanati haikuuliza daraja. Muuguzi mkuu alimwonyesha ukuta wa kliniki ya watoto. "Hapa chora mama akinyonyesha. Tafadhali, aeleweke."

Alikuwa katikati ya ukuta huo Dhana alipomjia, amevaa kitambulisho kipya shingoni.

"Mama, nimeajiriwa. Nafundisha kuchora."

"Hongera, mwanangu! Mbona umenuna?"

"Jumatatu tunaanza mikono."

Mama Brashi alicheka mpaka akaegemea ngazi. Alipotulia akajifuta macho, akamvutia kigoda, akampa penseli na karatasi, na kuunyoosha mkono wake wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha.

"Kaa hapo. Anza na kidole gumba, na usiniongeleshe."