Jiwe la Kungojea

Mwaka jana nilikwenda kung'olewa jino katika zahanati moja ya Lubumbashi, mji ninaoishi sasa, na mikono yangu ikaanza kutetemeka kabla hata sijafungua mdomo. Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri, alitoa chupa ya maji kwenye friji akaniwekea kiganjani.

"Mama, shika hii. Toa pumzi polepole, sikiliza baridi ya mukono tu. Ikipata moto, utaona roho imetulia."

Akaniambia kwa fahari kwamba ni njia mpya, wamefundishwa juzi tu. Nilimtazama kwa hasira ambayo hakustahili. Njia mpya! Rafiki msomaji, njia hiyo niliijua kabla binti yule hajazaliwa, na ninajua ilinifikisha wapi.

Nililelewa Kalemie, nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire, katika nyumba iliyokaribia ziwa kiasi kwamba hata ndoto zetu zilikuwa na mawimbi. Baba alikufa kabla sijaijua sura yake. Tulikuwa watu watatu: mimi, Mama, na bibi mzaa mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Kambo, yaani Bibi kwa lugha yetu. Kambo alianika ndakala, wale samaki wadogo wa fedha, juu ya mchanga. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kunguru na kuwageuza samaki kwa fagio jua linapopanda. Nilinuka ndakala mpaka kwenye nywele, na shuleni wenzangu walinikimbia wakiziba pua na kucheka. Sikujali. Nilipotoka shule nilikuta bukari, yaani ugali, ya moto, sombe la majani ya muhogo lililokolea mawese, na ndakala wabichi waliokaangwa mpaka wanalia chini ya meno. Mpaka leo sijala chakula kilichonipenda namna ile.

Wavuvi walitoka jioni na taa zao, wakarudi asubuhi. Lakini ziwa letu lina hasira za ghafla, na kulikuwa na asubuhi ambazo mtumbwi mmoja ulikosekana. Hapo ndipo wanawake walipofanya kitu ambacho sijakiona mahali pengine. Aliyekuwa na mtu wake majini aliingia ziwani mpaka magotini, akaokota jiwe la chini kabisa, lile lenye baridi inayouma, akalifumbata. Hakulia. Kulia wakati mtumbwi ungali ndani ilikuwa mwiko. Walisema ziwa linasikia. Alilitazama jiwe lake, siyo maji ya mbali, kwa sababu macho yenye hofu huona mitumbwi isiyokuwepo. Alipuliza pumzi taratibu, kama mtu anayeamsha makaa bila kurusha majivu. Jiwe likipata moto, alilirudisha majini akachukua lingine.

Mimi nilifundishwa asubuhi ambayo mjomba, kaka yake Mama, mvuvi aliyekaa jirani, alichelewa. Kambo alinitia jiwe mkononi, akanifunga vidole kimoja kimoja.

"Angalia jiwe. Puliza. Puliza polepole, mutoto, hapa hakuna moto ya kuzima. Hii ikipata moto, mutu wako ameshakaribia."

Wanawake walicheka, ingawa nao walikuwa na hofu. "Angalia huyu, anashika sawa mama muzee! Bado tumbaku tu mudomoni!"

Jiwe likapata moto. Nilipoinua kichwa, mtumbwi wa mjomba ulikuwa unavuka mwamba, naye amesimama akitutukana kwa furaha, akiuliza nani amekula uji wake. Tangu siku hiyo niliamini kwamba jiwe halitulizi tu, bali linaleta watu. Kambo aliona kwamba ninaamini hivyo, wala hakunisahihisha.

Nililitumia kwa kila kitu. Mwalimu aliponiita ubaoni nilikuwa nalo mfukoni, limefungwa kwenye kitambaa kibichi cha maji ili lisipoteze baridi. Ngurumo zilipoanza milimani, nilikimbilia majini kwanza. Mama alinicheka, kisha akakaa nami, akifumbata lake. Mikono yake ilikuwa mikubwa na ilipasha jiwe moto haraka, nami niliona wivu.

Kisha akaja bwana mmoja mwenye abakosti ya kijivu, suti ile isiyovaliwa tai, aliyekuwa na kazi Lubumbashi. Alikaa kwenye kiti chetu pekee na kuniuliza jina langu kila alipokuja. Mama alianza kuimba akifua. Alinunua kitenge kipya. Usiku mmoja nilisikia sauti yake na ya Kambo zikivutana chini chini, na asubuhi yake wote wawili walinipakulia samaki wengi kuliko kawaida.

Siku ya treni, Kambo alisema tunakwenda tu kumsindikiza yule bwana. Nilivalishwa gauni la Jumapili. Kituoni kulikuwa na kuku ndani ya vikapu, wauza mikate wakigombania madirisha, na watu wakipitisha magodoro juu ya vichwa vya watu wengine. Makelele yale yalinipanda kifuani. Nikaushika mkono wa Mama.

"Ngoja na Kambo. Niweke hii kikapu ndani tu," alisema. "Nakuya sasa hivi, mutoto yangu."

Kambo alifungua ncha ya kitenge chake. Ndani kulikuwa na kitambaa kibichi, na ndani ya kitambaa jiwe.

"Shika. Mbele ya hii kupata moto, Mama yako atakuwa ameshuka."

Nililishika. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, msomaji wangu; hakuna mtoto aliyewahi kulitazama jiwe kama nilivyolitazama lile. Nilisikia filimbi, nikapuliza. Nilisikia vyuma vikigongana, nikapuliza tena, polepole, majivu yasiruke. Watu walikuwa wakiita majina na kupunga vitambaa. Kama ningeinua macho ningeona dirisha gani, na uso gani dirishani? Lakini nilifundishwa kutotazama mbali. Moyo wangu ukatulia vizuri kabisa. Nilipoinua kichwa, jiwe lilikuwa moto, na mbele yangu kulikuwa na reli mbili tupu na mbuzi akila ganda la ndizi.

"Kambo, limepata moto."

Hakunitazama. "Twende tulirudishe ziwani," alisema. "Utachukua lingine."

Njiani ndipo nilipoelewa, kwa akili ya mtoto ambayo ni ndogo lakini haina huruma. Jiwe lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Kambo aliliokota asubuhi, kabla ya chai, kabla ya gauni langu la Jumapili. Na hakuna aliyeokota jiwe la kungojea kwa ajili ya mtu anayepandisha kikapu.

Tulipofika ufukweni, mtumbwi mmoja ulikuwa bado haujarudi. Nilikaa juu ya mchanga, katikati ya ndakala wa watu, nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Mama mmoja jirani alinirukia. "Nyamaza! Njo nini hii? Watu wangali ndani!" Mwingine akamfokea Kambo: "Mufunge mutoto wako mudomo!" Kambo aliingia majini, akarudi na mawe mawili. Moja alininyooshea, nililipiga likaanguka. Lile lingine alilifumbata mwenyewe, akasimama amelitazama, midomo yake ikipuliza. Mtumbwi ulirudi mchana. Mimi sikunyamaza mpaka jioni.

Mama alirudi mara moja tu, nilipokuwa msichana mkubwa, kwa matanga ya Kambo. Alikuja na viatu vizuri na maneno mengi kuhusu mume ambaye hakutaka mtoto wa mwanamume mwingine. Alinishika mkono; wake ulikuwa baridi. Nikaushika mpaka ukapata moto, kisha nikauachia.

Sasa ufukwe ule haupo. Ziwa limepanda, limemeza mchanga wa kuanikia, limeingia ndani ya nyumba yetu, na mawe ya wanawake yamelala chini ambako hakuna mkono unaofika. Mjomba naye amekufa. Niliporudi kutazama, watoto walikuwa wakiogelea juu ya jiko letu, na nilipowauliza kuhusu mawe ya kungojea walinicheka.

Kule zahanatini, daktari aliinama na koleo lake. Niliifumbata chupa ya binti yule. Nikaitazama, nikapuliza polepole. Ilipopata moto jino lilikuwa limetoka, na mikono yangu ilikuwa imetulia kama maji ya asubuhi. Binti alitabasamu: "Umeona, Mama?"

Niliona. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe Kambo hadi leo. Dawa yake ilikuwa ya kweli.