Nilifungua kisanamu cha jirani yangu Mchina, ndipo nikajua kwa nini watu wazima wanakusanya midoli

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu mimi ni msomaji tu, napita, nacheka, naondoka. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kichwani wiki kadhaa, na hapa Guangzhou, China, kila ninayemsimulia anaishia kunitania.

Hii si chai ya kutunga. Yamenikuta mwenyewe, na mhusika mkuu tunapanda naye ngazi moja kila siku. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko huku mwaka wa tano, nimepanga mtaa wa Sanyuanli. Kazi yangu ni kukusanya mizigo ya wateja wa Dar na Zanzibar, kuikagua, kuipakia kontena na kuipeleka bandarini Nansha.

Shikeni hapo kwenye kukagua.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea katoni za viatu vya kike, nikazisafirisha bila kufungua. Zilipofika Dar ikaonekana katoni mbili nzima ni mguu wa kushoto. Mteja alinitukana mpaka nikazima simu. Tangu hapo sipokei boksi bila kulikata, kulifungua, kurekodi video kila upande na kumtumia mwenye mali. Imekuwa kama ugonjwa.

Ghorofa ya juu yangu anaishi mzee wa Kichina, fundi lifti mstaafu, anakaa peke yake. Nitamwita Lao Huang. Hilo "Lao" ni heshima kwa aliyekuzidi umri, kama sisi tunavyosema Mzee Fulani. Mtu mkimya sana. Tulianza urafiki siku aliyonikuta nahangaika na kitasa changu, akakitengeneza bila kusema neno, akaondoka.

Kichina changu ni cha sokoni: bei, rangi, idadi, meiyou yaani hakuna, buyao yaani sitaki. Yakizidi hapo tunaiachia simu itafsiri. Kwa hiyo maneno ya watu nitayaweka kwa Kiswahili chetu.

Sasa.

Siku moja Lao Huang akaniambia anakwenda Foshan, mji wa jirani, siku tatu kumuuguza dada yake. Kuna parcel yake itakuja, nimpokelee.

"A Li," akaniambia (jina langu ni Ally, yeye analikata hivyo), "ni kitu muhimu. Kiangalie kama kimefika salama."

Nikamwambia mzee, hapo umefika kwa mwenyewe.

Parcel ikaja kesho yake asubuhi. Katoni ndogo, imebonyea kona moja. Mimi na ugonjwa wangu, nikawasha kamera ya simu, nikakata katoni. Ndani kuna boksi dogo la rangi, nikalifungua. Ndani ya boksi kuna kifuko cha kung'aa kilichozibwa kwa moto pande zote. Nacho nikakichana.

Kikatoka kisanamu cha plastiki, urefu wa kidole. Kinyozi wa zamani, ameshika wembe, kiti chake pembeni.

Nikakirekodi mbele, nyuma, juu, mpaka chini ya nyayo. Chini ya nyayo kulikuwa na namba ndogo ya wino, 31. Nikamtumia mzee video nzima nikaandika: kimefika salama, hakijavunjika.

Akaiona. Hakujibu.

Jioni akajibu neno moja: meishi. Maana yake si kitu, haidhuru. Lakini waliokaa na Wachina wanajua, kuna meishi ya kweli na kuna meishi ambayo ni bora utukanwe.

Aliporudi alikichukua kisanamu kwa mikono miwili, akasema ahsante, akapanda juu. Siku nne tukipishana kwenye ngazi anatikisa kichwa tu.

Nikamsimulia rafiki yangu Kessy, mtu wa Moshi anayenunua simu na spika. Tulikuwa tunakula pilau mtaa wa Huanshi Zhonglu. Kessy akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Sheikh, mzee wa miaka sitini amekununia kwa sababu ya mdoli?"

Na mimi nikacheka. Ila moyoni haikukaa sawa. Kuna kitu nilikuwa nimekosa na sikukijua.

Jumapili saa saba mchana mlango ukagongwa. Lao Huang, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Twende," akasema. Basi.

Tukapanda metro. Alinipeleka kwenye jengo la biashara la zamani, ghorofa ya nne, juu ya duka la taa. Wakuu, nilifungua mlango nikaganda. Watu wazima kama kumi, wengine wana mvi, wamezunguka meza wanachezea vitofali vya plastiki, vile vya kuunganisha ambavyo kwetu mtoto ananunuliwa sikukuu. Ukutani kabati za kioo zimejaa visanamu, vina taa zao ndani kama dhahabu ya sonara.

Hakuna aliyekuwa anacheka. Wako serious kama wako benki.

Kulikuwa na nesi wa miaka thelathini na kitu, Ah Mei. Alikuwa anajenga wodi yake ya hospitali, vitanda, drip, hata ndoo ya kupigia deki, bila karatasi ya maelekezo. Pembeni yake dereva teksi amemaliza daraja refu na amegandisha kila kitofali kwa gundi.

Hao wawili wanagombana kila Jumapili. Ah Mei anasema ukishatia gundi umekizika, uzuri wa vitofali ni kuvunja na kuanza upya. Dereva anasema yeye siku nzima anapeleka watu wanashuka, anapeleka wanashuka. Anataka kitu kimoja maishani kikae.

Kisha wakahamia kwenye vitofali original na copy. Dereva anajengea copy na haoni haya. Anasema mkono haujui jina la kiwanda. Wengine wakamrukia kwamba copy zinalegea baada ya mwaka. Wakaniuliza mimi, mtu wa mizigo. Nikavibonyeza vyote viwili macho nimefumba, nikasema ukweli: vingine sikuvitofautisha, vingine vya copy vilikuwa vinacheza kama jino bovu. Hakuna aliyefurahi na jibu langu.

Ila bosi wa mabishano pale ni Mwalimu Chen, anafundisha hesabu. Huyu ana maboksi ya visanamu na hajafungua hata moja. Lao Huang alipoweka mezani yule kinyozi na kifuko kilichochanika, Chen alisimama.

"Nani amefanya hivi?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasa la pili.

Chen akaeleza, mpaka simu ya kutafsiri ikawa inamkimbiza. Kwamba kile ni kimoja kati ya seti ya visanamu kumi na viwili vya watu wa mitaa ya zamani ya Guangzhou: muuza uji, fundi viatu, msuka vikapu, na wenzao. Kiwanda kilishafungwa. Kinyozi ndiye adimu kuliko wote, na Lao Huang amemtafuta miaka mitano. Boksi lililozibwa ni kitu kamili, akasema. Likifunguliwa ni plastiki iliyotumika.

Nilitamani sakafu inimeze.

Ah Mei akanitetea. Kisanamu kimetengenezwa kitazamwe, kikifungiwa gizani kina faida gani? Dereva naye akaingia. Wakapandishiana sauti, chai ikamwagika.

Lao Huang hakuwa anabishana. Aligeuza kinyozi, akaonyesha namba 31 kwenye nyayo.

"Hizi ni namba za wachora nyuso," akasema. "Kila mchoraji alikuwa na yake, msimamizi ajue kosa ni la nani. Mke wangu alichora nyuso kwenye kile kiwanda. Yeye alikuwa namba 7."

Wote pale mezani wakamgeukia. Wamekaa naye miaka yote hiyo hawakujua. Walidhani ni mfuasi wa Chen.

Akaendelea polepole, anangoja simu inifasirie. Kiwanda kilikuwa kinawagawia wafanyakazi visanamu vyenye kasoro. Mkewe alitaka kuleta nyumbani. Yeye akakataa kila mara, akamwambia nyumba yetu ndogo, haina nafasi ya midoli. Mwishowe mkewe akaacha kuomba. Alifariki miaka sita iliyopita, na ndani ya nyumba hamna hata kimoja alichokichora.

Mwaka uliofuata ndio akaanza kutafuta. Amepata kumi na kimoja, huyu kinyozi wa kumi na mbili. Hakufungua hata kimoja.

"Vikiwa vimezibwa sioni namba," akasema, "vyote ni vyake."

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu. Mimi ndiye niliyemtumia ile namba 31 kwa video, tena nimeisogeza karibu aione vizuri.

Niliomba msamaha kwa Kichina changu kibovu. Akanipiga bega, akasema kosa ni lake. Alimaanisha niangalie katoni kwa nje, akasahau anaongea na mtu wa mizigo. Wakacheka kidogo.

Nilirudi Jumapili iliyofuata. Na iliyofuata. Nilijiambia naenda kwa ajili ya mzee, lakini ukweli nilikuwa nimenogewa. Ah Mei alinipa lundo la vitofali vyeupe, akaniambia jenga chochote. Nikajenga nyumba ya bibi yangu pale Ngamiani, Tanga, baraza na dirisha la mbao. Saa mbili zikapita sijashika simu. Kwa kazi yangu hiyo ni maajabu.

Kessy alipoona picha ya ile nyumba aliniuliza kama nimelogwa. Nikamwambia njoo ujaribu. Bado anajivunga.

Jumapili ya nne Lao Huang alikuja na mfuko wa kitambaa. Akapanga mezani maboksi kumi na moja.

"A Li, wewe unajua kufungua na kurekodi. Leo rekodi tu. Nitafungua mwenyewe."

Mwalimu Chen akamshika mkono. "Una hakika? Hairudi nyuma hii."

"Najua."

Akaanza. Muuza uji, namba 12. Fundi viatu, 31 tena. Msuka vikapu, 20. Kila akigeuza nyayo chumba kizima tunavuta pumzi, kila akiweka chini tunaiachia. Cha tano, cha sita, cha saba, hakuna. Ah Mei akageukia dirishani. Nami nimeshika simu najilaumu, nasema vikiisha vyote bila namba 7, mzee huyu nimemmaliza mimi.

Cha tisa alikuwa mama muuza maua.

Safari hii mzee hakugeuza nyayo. Alimtazama usoni akacheka. Kicheko chenye sauti, mara ya kwanza kukisikia.

Jicho moja la yule mama lilikuwa juu kuliko lingine.

"Mke wangu, macho yake mawili hayakuwa sawa," akasema. "La kushoto lilikuwa halioni vizuri. Alimficha msimamizi miaka yote. Kila siku anagombezwa kwa nyuso zilizopinda, kila siku anasema ni brashi mbaya."

Akageuza nyayo. Saba.

Nisiwadanganye, dereva teksi alilia kabla ya mwenyewe. Mimi nilirekodi, lakini video yenyewe inacheza, haitazamiki.

Yalibaki maboksi mawili. Ah Mei akamsogezea mkasi.

Lao Huang akatikisa kichwa. Akayarudisha kwenye mfuko kama yalivyo.

"Huyu ni wa kumtazama," akasema. "Hao wawili ni wa kumngojea."

Mwalimu Chen, yule mkali wa boksi lililozibwa, aliinama akaanza kuokota vifuko vilivyochanika, kimoja kimoja, akavikunja vizuri akampa mzee. Siku hiyo hakuna aliyebishana tena.

Jioni nilimpigia mke wangu Tanga. Huwa anafuma vitambaa vya makochi, mimi nilishamwambia vinaleta vumbi, avitoe sebuleni. Nikamwambia avirudishe.

"Baba Swaumu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umefanya nini huko?"

"Sijafanya kitu. Virudishe tu, na kile cha njano kiweke kwenye TV."

Akasema haya. Kesho yake nilitumiwa picha. Sebule imejaa vitambaa mpaka juu ya friji.

Nilichojifunza, wakuu. Nilikuwa nikiona mtu mzima na mdoli namhesabu hana kazi. Sasa nauliza kwanza. Wa gundi ana sababu yake, wa kuvunja ana yake, wa kuziba boksi ana yake, na mara nyingi hawakwambii mpaka uharibu kitu. Na mizigo ya wateja nitaendelea kuifungua, hapo msinitegemee kubadilika. Ila cha jirani naangalia katoni kwa nje.

Kuna jambo moja sijalipatia jibu, nawaachia ninyi. Kama yale maboksi mawili yangekuwa yako, ungeyafungua? Mimi nikiwa ngazini nasema ningefungua. Nikishafika ndani kwangu nasema hapana.

Na kama humu kuna mwenye vitofali au visanamu kabatini na anaogopa kuchekwa, ajitokeze. Kessy tu ndiye atacheka, na yeye hayumo humu.