Mfundishe Mwenzako

Mimi sijui kumpiga mtu nusu. Nikiinua fimbo naishusha mpaka chini. Naanza na hilo ili anayesoma asinihurumie mapema.

Nilipigwa na baba, nikapigwa na mume, na kabla ya mume nilipigwa na mwalimu. Nilisoma hadi darasa la nne. Mwalimu wetu akishika fimbo alikuwa na neno moja tu: "Leo nitakufundisha." Na sisi Kiswahili tulikuwa tunakikuta shuleni, nyumbani ni Kinyaturu kitupu, kwa hiyo tukajua kufundisha ni kupiga. Neno likakaa kichwani hivyo. Mpaka leo nikiongea vizuri naongea Kinyaturu. Nikikasirika, nakasirika kwa Kiswahili.

Mjukuu wangu namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kike. Mama yake, binti yangu wa pili, alishikwa na uchungu siku mbili, na mtoto alipotoka hakulia. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, maneno yakaja machache. Mwili ulikua, akili ikabaki ya mtoto mdogo. Mama yake alipopata mume, yule mwanamume alisimama mlangoni kwangu hapa Mwankoko akasema, "Mama, mke namchukua. Hilo zezeta mtabaki nalo." Nilimrushia mchi. Ulimpata gotini. Mpaka leo akija kwetu msibani anakaa mbali na jikoni.

Mtoto akawa mwanamke, mwenye mabega ya kubeba gunia la alizeti peke yake. Lakini hatari hakuijua. Akiitwa na mtu yeyote, anakwenda. Siku moja nilimkuta nyuma ya miamba na wanaume wawili, kanga yake imetupwa huko. Nilikuwa natoka kulima, jembe liko begani. Sitaandika yote niliyofanya na lile jembe. Mmoja wao ana kovu linaloanzia sikioni.

Tangu siku hiyo nikienda shamba nilimfunga kamba ya katani kiunoni, kwenye nguzo ya katikati ya nyumba. Kamba ilimchubua mpaka nyama ikaonekana. Nikirudi namkuta amejichafua, nampiga kwa kujichafua. Ndiyo. Nilimfunga mimi, kisha nikampiga kwa sababu amefungwa.

Na kupiga kulikuwa na utaratibu wake. Namwambia, "Leo nitakufundisha. Kakate fimbo." Anakwenda mwenyewe nyuma ya zizi, anakata kijiti cha mti wa mkole, anakimenya maganda, ananiletea. "Leta mkono." Analeta. "Usilie. Nani kakwambia ulie?" Nikimaliza namwambia, "Haya, basi. Nenda kale." Anakwenda anakula, na kucheka anacheka. Nami nikawa najisifu kwa majirani kwamba mtoto wangu anafundishika.

Kisha kikafunguliwa kituo cha mchana huko Mandewa, cha watu wa aina yake, wadogo kwa wakubwa. Kilikuwa na walezi watatu. Siku ya kuandikisha, mlezi mkuu, msichana wa rika la kitindamimba wangu, alinipa shikamoo ya kukunja goti, akachukua daftari akaniuliza mambo mengi.

"Bibi, akikosea nyumbani mnafanyaje?"

"Tunamfundisha."

"Vizuri sana, bibi." Akaandika.

Tulisema neno moja, kila mtu akaondoka na lake.

Kamba nikaitundika darini. Yule mtoto alijifunza kufagia, kufua, kumenya vitunguu, hata kutunga shanga. Nami nikavuna alizeti yangu bila kugeuka kutazama nyumbani. Ninaposema kwamba kituo kile kilikuwa ndiyo tofauti kati ya mtu na mbuzi aliyefungwa, sisemi kwa kupamba. Nguzo iko pale pale, imechubuka gome pale kamba ilipokuwa ikisugua.

Mlezi mmoja akaolewa Dodoma. Wa pili akajifungua, hakurudi. Hawakuletwa wengine. Wakabaki watu kumi na sita na mlezi mmoja, na huyo mmoja, yule msichana wa daftari, ndiye mpika uji. Sisi wazazi tuliona. Asubuhi tuliwaacha watoto wetu getini tukageuza migongo haraka haraka, mtu asije akatuomba tukae naye kidogo.

Palikuwa na mtoto wa miaka kama sita, hasemi, na maji anayaogopa kama moto. Asubuhi moja uji unafurika jikoni, watoto wanapigana uani, na yule mdogo kajificha nyuma ya ndoo hataki kunawa. Mlezi akapaza sauti kutoka jikoni kumwita mjukuu wangu: "Dada mkubwa! Mfundishe mwenzako kunawa mikono!"

Mke mwenzangu akatii. Alikwenda kwenye mwarobaini wa uani, akakata tawi, akalimenya, akarudi.

Mlezi alikuja kunisimulia baadaye. "Bibi, nilikuwa jikoni nikasikia sauti yako."

"Mimi nilikuwa shamba."

"Najua. Lakini ilikuwa sauti yako kabisa. Leta mkono. Usilie. Nani kakwambia ulie? Nikasema, kumbe bibi amekuja kututembelea. Nikaendelea kukoroga uji."

Aliendelea kukoroga uji. Mtoto asiyesema halii kwa sauti kubwa. Kila alipouvuta mkono, mjukuu wangu aliurudisha kwenye ngazi ya saruji akaukandamiza kwa goti, akapiga. Mlezi alipotoka, kifundo cha mkono wa yule mtoto kilikuwa kimevunjika na damu iko kwenye ngazi. Na mjukuu wangu alikuwa anamwinua kwa upole, anamwambia, "Haya, basi. Nenda kale."

Niliitwa. Nilipofika, mama wa mtoto, muuza vitunguu wa sokoni, alikuwa ametangulia. Alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili na anampiga nao mjukuu wangu kichwani, usoni, popote. Na mjukuu wangu, mwenye mabega yale, hakujikinga. Alikuwa amenyoosha mkono mbele, kiganja juu, anangoja upigwe mkono. Kwake adhabu inapiga mkono. Hakuelewa kwa nini inampata usoni.

Nilimkamata yule mama kwa nyuma. Tukaanguka. Wanawake wazima wawili tukagaagaa vumbini.

"Mchawi wewe! Umefuga dume la ng'ombe ukalivisha sketi!"

"Mguse tena! Mguse uone!"

Nilimng'ata begani, akaning'oa nywele mkono mzima. Mlezi alitumwagia ndoo ya maji ya kunawia ndipo tukaachana, tumelowa, tunahema, na mtoto yuko pale ukutani ameushika mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

Hospitali yule mtoto alifungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, mpaka kwenye kiwiko.

Jumamosi wazazi tuliitwa kituoni. Mama wa mtoto alikuja na fomu ya polisi imekunjwa mkononi. Hakupaza sauti. "Huyu binti akikanyaga tena hapa, mimi nairudisha hii fomu polisi. Chagueni." Wazazi wote wakaitikia kwamba aondoke. Hata wale ambao wa kwao wanang'ata wenzao. Nikaiona kamba yangu inashuka kutoka darini.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga maneno. Nikamuuliza mlezi, "Ulimwambia nini siku ile? Neno kwa neno."

"Nilimwambia amfundishe mwenzake kunawa mikono."

"Basi amefundisha."

Wakaguna. Mwanamume mmoja akasema, "Bibi, usitufanyie dhihaka, mtoto amevunjwa mkono."

"Sifanyi dhihaka. Nyumbani kwangu neno hilo halina maana nyingine. Tangu azaliwe hajalisikia bila fimbo. Mlimtuma kazi anayoijua, akaifanya kama nilivyokuwa nikiifanya mimi."

Mama wa mtoto akanigeukia. "Kwa hiyo mkono wa mwanangu umeuvunja wewe."

"Mimi."

"Na hii fomu niandikishe jina la nani?"

"Langu."

Alinitazama, bega lake lina bandeji ya meno yangu. Kisha akaitia ile fomu kwenye pochi. Hakuichana, ameitunza mpaka leo.

Mlezi akasema kwamba mtu wa kukaa karibu na mjukuu wangu kutwa nzima hana, na bila mtu huyo hawezi kumrudisha. Nikasema nitakaa mimi. Akatikisa kichwa. "Bibi, mimi nakuheshimu. Lakini wewe ndiyo fimbo yenyewe. Iacheni kwanza nyumbani, wewe na yeye. Ndipo mje."

Nilirudi nikaivunja gotini fimbo ya mwisho aliyonikatia, nikaichochea motoni, nikadhani kazi imekwisha.

Asubuhi yake mke mwenzangu alitokea nyuma ya zizi na mkole mpya, umemenywa vizuri, mweupe. Akauweka mapajani mwangu akanyoosha mkono. Alijua amekosea. Alikuwa amepigwa kwa mfuniko, na hakuna mtu aliyemwambia, "Haya, basi."

"Hapana," nikamwambia. "Sipigi."

Mkono ukabaki pale pale.

Nilisonga ugali, nikaweka na mlenda anaoupenda. Hakugusa. Kwake chakula kinakuja baada ya basi, na basi inakuja baada ya fimbo. Alisimama juani, mkono umenyooka, mpaka ukaanza kutetemeka. Nikamnyang'anya fimbo, nikaitupa. Akakata nyingine. Nikaitupa na hiyo. Akakata ya tatu.

Siku ya pili alikunywa maji tu. Saa sita mchana nikasikia kitu kinapiga jiwe la kusagia. Alikuwa amelaza mkono wake kwenye jiwe, anaupiga mwenyewe kwa fimbo, ngozi ya kiganja imepasuka, na kila akipiga ananitazama kama anauliza bado.

Hapo hasira ilinipanda ile ile ya zamani. Niliirukia fimbo nikaipokonya na mkono wangu ulikuwa umeshapanda juu. Sitasema uongo, ulikuwa umeshapanda, na yeye akachangamka uso, akaleta mkono. Alikuwa anafurahi kwamba mwishowe nitampiga.

Nikaushusha mkono bila kupiga. Nikamshikisha fimbo. "Nifundishe," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea." Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto.

Alikitazama kiganja changu, akaitazama fimbo. Aligeukageuka kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Kisha akasema, "Leta mkono," ingawa mkono ulikuwa umeshaletwa.

Akapiga. Naye hajui kumpiga mtu nusu. La kwanza lilinifunga pumzi. La pili niliona weupe. La tatu mfupa wa kidole cha shahada ulilia kama kijiti kikavu, na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Usilie," akasema. "Nani kakwambia ulie?"

Nililia. Mbele ya mume sikulia, mbele ya mwalimu sikulia. Pale nililia, nikiisikia sauti yangu inatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Akaiweka fimbo chini taratibu. Akanishika bega. "Haya, basi. Nenda kale."

Tukaenda tukala sahani moja, mkono wake unavuja damu na wangu umevimba. Hakukata fimbo tena.

Niliporudi naye Mandewa, mlezi aliona kitambaa nilichofungia kidole. "Bibi, hicho kidole umekifanya nini?"

"Nimefundishwa."

Hakucheka. Alitupisha getini.

Sasa kila siku nakaa kando ya ndoo ya kunawia, karibu na mjukuu wangu. Walezi wapya hawajaletwa. Kusoma niliishia darasa la nne na kazi hii sikufunzwa, na kufoka bado nafoka, mlezi ameshindwa kunitoa hilo. Mzazi nikimwona anageuza mgongo haraka getini namwita, "We! Rudi. Kaa hapa mpaka uji uive." Wengine wananichukia. Wengine wanakaa. Na neno la fundisha tumeliacha pale kituoni. Tunasema mwonyeshe. Mjukuu wangu anamwaga maji kwenye mikono yake mwenyewe polepole, mwenzake anatazama, anafuatisha.

Yule mdogo hogo limetolewa, lakini kifundo kimeunga upande. Mama yake ndiye anayemleta, kabla hajaenda sokoni. Hamwachi mpaka asimame mbele yangu.

"Shikamoo, bibi. Mikono."

"Marahaba." Namwonyesha yote miwili, mbele na nyuma, aone haina fimbo, na kile kidole kisichokunjika. Halafu anamgeukia mjukuu wangu, anamkuta ameshanyoosha ya kwake, viganja juu, anangoja. Yule mama anaitazama ile mikono. Kila siku anaitazama kwa muda mrefu kuliko yangu.

"Haya," anasema. "Basi."

Ndipo anamwachia mwanawe, naye mtoto anaingia akipita mbali nasi, bega likisugua ukuta.