Pale Wimbo Unapopumua

Kuna siku moja kule Mweso, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na kila nikikusikia unapiga gitaa nyuma ya nyumba inanirudia nzima nzima. Keti kwanza. Hilo gitaa liweke chini, halitakimbia.

Nimekusikiliza wiki hii yote. Vidole vyako vina mbio, nisiseme uongo. Umejifunza kwa video za simu mambo ambayo sisi tuliyatafuta miaka, na mcheza kwao hutunzwa, kwa hiyo sina sababu ya kukunyima sifa. Lakini jana nilikuuliza wimbo ule unampigia nani, ukanijibu, "Papa, ile iko nguvu sana kupiga." Sikuuliza kama ni mgumu! Nilicheka peke yangu, kwa kuwa jibu hilo ni langu. Nililitoa kabla hujazaliwa.

Mimi, unajua, ni mtoto wa Buleusa. Kwetu ni mihogo, mawese na mvua. Nilipelekwa Mweso kwa mjomba wangu ili nisome, na huko nikakutana na Bahati, kijana wa familia ya wafugaji wa milimani. Alikuwa mpole hadi unasahau kwamba yumo chumbani, ila ukimkalisha kwenye ngoma za kizungu alikuwa mtu mwingine. Tukaanzisha orkesta: mimi gitaa, yeye ngoma, wenzetu wawili besi na kinanda. Hatukupiga rumba kama watu wote. Padri mmoja kijana alikuwa ametuachia kaseti za roki, zile nyimbo ndefu zinazobadilisha mwendo kila kona kama barabara ya Masisi wakati wa mvua, na sisi tukaapa kwamba tutapiga hivyo hivyo. Watu walikuja, wakatafuta mahali pa kucheza ndani ya muziki wetu, wakakosa. Sisi tuliona hiyo ni sifa. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, lakini nani angetuambia?

Wimbo wetu mkubwa ulitoka kwa Bahati. Alikuja siku moja na mdundo wa kuchechemea, wa kuhesabu saba: unakwenda, unakwenda, halafu unasimama kidogo, unaanza tena. Niliupenda mara moja. Niliukamata nikaujengea ghorofa, solo juu ya solo. Ila kile kituo kidogo kilinikera. Kwangu kilikuwa kasoro, nikamwambia akiondoe.

"Pale njo inapumua, kaka," alisema.

"Wimbo haina mapafu," nikamjibu. "Wewe hesabu tu."

Akakiondoa. Bahati hakuwa mtu wa ugomvi.

Kisha mama yake akafa. Bahati hakulia. Hakulia kaburini, hakulia nyumbani, na watu wa kwao wakaanza kumwogopea, maana machozi yasiyotoka hayakauki huko ndani. Akaniambia, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba atapiga nasi siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, kwa heshima ya mama, na baada ya hapo ataacha ngoma aende kutafuta kazi kwenye migodi ya Walikale. Niliwajua vijana waliokwenda namna hiyo, na hawakurudi kama walivyokuwa. Niliogopa kumpoteza, mwanangu. Nikafikiri tukimpigia mama yake wimbo mzuri kupita yote, atabaki. Na mzuri, kwangu siku zile, maana yake ni mgumu. Basi nikauzidishia ugumu.

Siku ikafika. Familia ilikusanyika uani mchana kweupe, wazee kwenye viti, akina mama kwenye mikeka. Mbele ya mlango waliweka kisabo cha marehemu, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa hadi yatoe siagi. Katika familia ile kibuyu hicho hakikuguswa tangu mazishi. Siku ya kuondoa kilio ndipo hutiwa maziwa mapya na ndugu wa marehemu hukishika tena, ili watu wajue kwamba nyumba imerudi kazini. Mimi wa Buleusa sikujua hata kinashikwaje.

Tukapiga. Hakuna aliyekosea. Vidole vyangu vilipanda na kushuka, nikajiona kama ndege. Bahati alipiga kama saa ya ukutani, uso mkavu. Tulipomaliza, watu walipiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mgeni aliyehutubia kwa Kifaransa. Bahati akaweka vijiti vyake chini, akaanza kuinuka.

Hapo Mama Domitila, dada mkubwa wa marehemu, akaniita kwa mkono. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache. Niliinama nimsikilize, na kwa kweli nilitegemea sifa.

"Mutoto wangu, asante," akasema. "Mulitumika kazi sana kwa kujifunza ile, tumeona. Vidole yako iko na akili. Lakini leo tulikuya hapa juu ya mama wa Bahati. Ndani ya ile yote, yeye iko wapi?"

Hakungoja jibu. Aliketi, akaweka kisabo mapajani, akaanza kukisuka mbele na nyuma.

Maziwa yakapiga ndani. Yanakwenda, yanakwenda, halafu akasimama, akainamisha sikio kusikiliza kama siagi imeanza kushikana, akaanza tena. Nilikuwa nimesimama na gitaa shingoni. Ulikuwa wimbo wetu. Mdundo niliouita hesabu ulikuwa mikono ya mama wa Bahati, na kasoro niliyoifuta ndipo alipokuwa akisikiliza maziwa yake kila asubuhi, naye mtoto wake bado yuko kitandani anamsikia.

Bahati alikuwa amekwisha kuketi tena.

"Kaka," akaniambia, "tupige ile ya kwanza."

Nikapunguza sauti ya gitaa. Tukaingia polepole nyuma ya kisabo, bila ghorofa zangu, pamoja na pale pa kupumua. Wimbo ulipofika hapo ukasimama, uani kote kukanyamaza, na katika kunyamaza kule Bahati akalia. Alilia kwa sauti, akina mama wakalia naye, na mimi pia, sioni haya kukuambia. Lakini sikia vizuri, kwa sababu ndilo nililokuitia: mikono yake haikupotea. Macho hayaoni, kifua kinatikisika, na ngoma zinaendelea, zinasimama panapotakiwa, zinaanza tena. Tulikuwa tumezirudia hadi zikaingia kwenye mifupa. Uchungu peke yake ungemwangusha. Yale mazoezi yangu ya kichwa kigumu ndiyo yaliyomshikilia ili aweze kulia.

Baadaye, tukikunja nyaya, aliniuliza habari za mazoezi, "Kaka, kesho repetisyo iko saa ngapi?" Nikajifanya natafuta kitu ndani ya mfuko wa gitaa, asinione uso.

Hakwenda migodini. Yuko Mweso mpaka leo, mvi kichwa kizima, na anapigia kwaya ngoma. Mama Domitila alikwisha kututangulia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu ni zima kwa ajili yake, maana alinikaripia kwa kuanza na asante. Ninamshukuru kila nikigusa uzi wa gitaa. Ninamshukuru Bahati pia, aliyenivumilia.

Kwa hiyo, mwanangu, usiache mazoezi. Wakikuambia kwamba muziki ni moyo tu, waulize watashika nini siku moyo utakapotetemeka. Jifunze hadi vidole vijue njia bila wewe. Lakini kabla ya kuongeza noti hata moja, uliza wimbo umetoka kwa nani. Ukikuta mahali panapochechemea, usikimbilie kupanyoosha. Huenda pana mtu pale, amesimama kidogo, anasikiliza.

Haya, chukua gitaa lako. Mungu akulindie hivyo vidole na akupe watu wa kuwapigia. Mama yako ajisikie ndani ya wimbo wako angali hai. Na siku moyo wako utakapovunjika, maana utavunjika, mikono yako isikuache.