Utando wa Sanduku la Deyanira

Eraclio Botina aliambiwa apumzike mpaka kesho. Asubuhi hiyo hospitalini walimpulizia dawa ya ganzi mdomoni, wakamchoma sindano ya usingizi, wakampitisha mpira wenye kamera mpaka tumboni na kukata vinyama viwili vya kupeleka maabara. Akirudi nyumbani asishike kisu, asikaribie moto, asile kitu mpaka koo lipate hisia. Dada yangu Mélida, mkewe, aliniomba nimlinde.

Alilala kwa muda wa kuvua kofia. Akaamka, akaenda dirishani kutazama wingu lililofunika mlima Galeras, akarudi kitandani, akainuka tena.

"Shemeji, kaa chini."

"Nimekaa hospitali."

"Hospitali ulilala."

"Basi kulala nimemaliza."

Hakuwa akitaja vile vinyama viwili. Alitaja sanduku. Kesho yake binti yao Deyanira alikuwa anaolewa, na kwa akina Botina bibi harusi hatoki nyumbani bila sanduku ambalo baba yake amelipamba kwa barniz, maua ya utomvu wa mti. Pande zote zilikuwa tayari, mfuniko ulikuwa bado mtupu. Lilibaki donge moja la utomvu mwekundu, na wavunaji wa misitu ya Putumayo hawangerudi karibuni. Sisi huku mjini Pasto utomvu huo tunauchemsha, tunaukanda, kisha watu wawili wanauvuta kwa mikono na meno mpaka uwe utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Utando ndio unaokatwa maua.

Mélida akapiga kelele jikoni. "Nani katia donge kwenye maji ya moto?"

"Si mimi," alisema Eraclio.

Mkono wa sweta yake ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Aliutazama kama wa mtu mwingine. Sindano ile ilikuwa imemfutia kila kitu tangu tulipoingia mlangoni.

"Likizidi kuchemka linaharibika," akasema, uso ukamchangamka. "Tuvute sasa hivi."

"Daktari kasema upumzike!"

"Daktari anajua nini kuhusu barniz?"

"Na wewe unajua nini kuhusu huo mdomo wako? Hata mate huyahisi!"

Lakini donge lilikuwa limeshalainika, na Mélida hakuweza kulivuta peke yake. Yeye na Eraclio wakasimama wakitazamana, mikono imetanuka, kila mmoja kauma ncha yake. Utando ukaanza kufunguka vizuri. Mtu wa kazi hii hupima mvuto kwa mdomo: ukizidi, analegeza. Eraclio hakuhisi kitu. Alikaza taya, utando ukapasuka, nusu nzima ikaangukia majivuni. Kipande chekundu kilibaki kikining'inia mdomoni mwake naye hajui.

Wote wawili wakanigeukia.

"Msinitazame mimi. Meno yangu ya bandia hubaki kwenye mkate."

"Namwita Hermila," alisema Mélida.

Hermila ni jirani, naye anafanya kazi hiyo hiyo. Siku aliposema maua ya Eraclio yanafanana na kabichi, salamu zilikoma.

"Yule? Afadhali sanduku liende uchi."

"Na Deyanira alibebe likiwa uchi mbele ya kanisa zima?"

Eraclio alizunguka meza, akashika mfuniko, akauweka, akaushika tena. Halafu akatoka uani, akasimama penye ukuta wa mpaka na kwa Hermila.

"Jirani! Naomba meno yako!"

"Ya kwako yamemezwa na kamera?"

"Njoo unichekee huku ndani. Utomvu unapoa!"

Alikuja akifuta mikono kwenye aproni, akauma ncha mkabala na Mélida bila kuuliza. Eraclio aliwazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Legeza kushoto! Jirani, unauma kama panya! Polepole!" Hermila, utando menoni, hakuweza kumjibu hata neno. Nusu iliyobaki ilitosha mfuniko kwa shida.

Mélida alikata maua, kwa sababu Eraclio alikatazwa kisu. Aliposogea kuyabandika, Eraclio akamzuia. Utando hushika kwenye mbao kwa joto la kiganja.

"Mkono hawakuupulizia dawa," akasema, akauweka juu ya ua la kwanza na kukandamiza.

Mdomo wa Hermila sasa ulikuwa huru. "Bado ni kabichi."

"Kabichi ya baba yake Deyanira."

Eraclio akavuta kiti kwa mguu, akaketi, bila kuondoa kiganja.