Kompyuta Imepona, Msinipongeze

Kompyuta ya nyumbani imepona leo. Tafadhali, mtu asinipongeze.

Wiki nzima ilikuwa inajizima yenyewe. Kaka yangu Elibariki, anayejifanya fundi wa kila kitu hapa Sekei, akasema, "Imejaa hiyo. Inataka nafasi."

Asubuhi akakaa, akafuta.

Filamu zake za ngumi hakuzigusa. Eti bado anaziangalia!

Akafuta video ya marehemu baba akiwa shambani, anaimba Kimeru huku anacheka. Hatuna nyingine.

Haikupita muda, ikajizima tena.

Mchana mama akatoa kile kitambaa chake cha kufuma, anachofunikia mashine mpaka matundu ya hewa hayaonekani. Akaenda kukifua.

Mashine haijajizima mpaka sasa.

Jamani, lilikuwa joto tu!

Elibariki ananiambia, "Si imepona lakini?"

Jioni mama kaja na kitambaa kimepigwa pasi, kakitandika palepale juu ya mashine, kavuta kiti.

"Haya, kwa vile imepona, niwekeeni baba yenu."

Elibariki yuko chooni tangu hapo.

Nyie mngemjibuje?