Maji ya Kuonyesha Wageni

Watu wa mikataba hupenda kuja mwezi wa tisa. Barabara ni kavu, magari hayazami, na picha zinatoka vizuri. Hakuna anayewaambia kwamba mwezi wa tisa ndio mwezi ambao sisi wa Kolwezi tunalilia maji. Wakati huo nilikuwa mkunga katika kituo kidogo cha afya pembeni mwa Kapata, karibu na zile safu za nyumba ambazo kampuni ya zamani iliwajengea wafanyakazi wake. Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa sijui tena nimwelekeze nani.

Mkataba wenyewe ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila kejeli. Nchi yetu na nchi moja ya mbali zilikubaliana kushirikiana kwa miaka mingi, na katika makubaliano hayo vituo vya afya vilivyo kando ya reli, kuanzia kwetu kwenda upande wa Kasaji, vingechimbiwa visima virefu vyenye pampu ya jua na tangi. Sisi tulikuwa wa kwanza. Kisima chetu kikifanya kazi, ujumbe ungekuja kukipokea rasmi na kutia sahihi, kisha awamu ya pili ingeanza. Katika awamu ya pili kulikuwa na kituo cha kijiji cha mama yangu, nje kidogo ya Kasaji.

Mama yangu anauza unga wa muhogo sokoni, na goti lake moja limekwisha. Kutoka kwake kwenda mtoni ni kuteremka bondeni, na kurudi ni kupanda na bidoni kichwani, yaani dumu zima la maji. Mwaka uliotangulia aliteleza njiani akalala pale chini, hawezi kuinuka, mpaka mwanamke mwingine alipopita akamkuta. Tangu nilipomweleza habari za mkataba, kila akipiga simu aliuliza kwanza habari za kisima, ndipo aulize wajukuu. Nilimtania kwamba amempata mpenzi uzeeni. Alicheka, halafu akauliza tena kisima kitakuja lini.

Kisima chetu kilichimbwa wakati wa mvua. Siku maji yalipotoka kwa mara ya kwanza kwenye bomba la wodi ya wazazi, niliosha mikono mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepatwa na wazimu. Nilikuwa nimezalisha wanawake miaka mingi kwa maji ya kukopa jagi kwa jagi. Lakini kiangazi kilipokolea pampu ikaanza kukohoa, ikatapika tope, kisha ikanyamaza kabisa. Wengine walisema migodi inayotuzunguka inavuta maji yote ya chini. Wengine walisema waliochimba waliacha mapema. Mimi sijui, na walioulizwa walisema wataangalia. Kabla hawajaangalia, tukaletewa habari kwamba ujumbe unakuja.

Rais wa kamati yetu ya maji, ndivyo tunavyomwita mwenyekiti, alikuwa karani mstaafu wa kampuni, mzee wa koti na tai hata kwenye joto. Si mtu mbaya. Alituita wote uani, wauguzi na majirani, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Bakikuta robine kavu, batasema Bakongomani baliharibisha," alisema, akituonyesha bomba la uani kwa kidole. "Batafunga mufuko, bataenda ku inchi ingine. Tumeona hii mambo mara mingi. Na Kasaji haitapata kitu."

Alipotaja Kasaji alinitazama mimi. Alijua habari za mama yangu kwa sababu nilimsimulia mwenyewe.

Mpango wake ulikuwa huu: kila nyumba ilete bidoni ya maji, tuyapandishe kwenye tangi, mgeni afungue bomba, aone maji, atie sahihi. "Ni ya siku moja tu," alisema. "Kisha tutabaambia pole pole." Niliona ni upuuzi mtupu, na nilikubali. Jioni ile nami nilisimama foleni kwenye chemchemi iliyo ng'ambo ya reli, nikabeba yangu kichwani, nikaimimina pamoja na wengine. Nilikuwa namwaza mama tu.

Fundi wa mabomba alituonya. Mdomo wa bomba la kushushia maji uko juu ya sakafu ya tangi, ili tope lisipite, kwa hiyo maji mengi tuliyomimina yangebaki chini yake bila kushuka. Yaliyokuwa juu ya mdomo ule yangetosha mgeni kujaza beseni moja, labda mawili. "Musiguse ata kidogo mpaka mugeni afungule," alisema. Basi rais akalifunga kwa kufuli bomba linaloingia wodini, akatia funguo mfukoni mwa koti lake.

Asubuhi ya wageni uwanja ulipendeza. Turubai, viti vya plastiki, kwaya imeshona vitenge vya aina moja. Mezani kulikuwa na soda peke yake. Rais alikataza maji ya chupa, maana tunazindua maji, na tukionekana tumenunua mengine tutachekwa. Mimi niliambiwa nisimame mlangoni na koti jeupe, nitabasamu. Nilitabasamu. Magari ya wageni yalikuwa yameingia na mwakilishi wa mkoa ameshika kipaza sauti, pikipiki ilipokuja kwa mlango wa nyuma.

Juu yake alikuwa mwanamke amebanwa katikati ya dereva na mumewe. Mume alikuwa mchimbaji wa upande wa Mutoshi, miguu yake bado imeganda udongo wa shimo. Kitenge cha mke kilikuwa kimelowa damu mpaka chini. Tulimlaza mimi na mwenzangu wa zamu, nikampima. Mtoto alikuwa karibu kutoka, na damu ilikuwa inatangulia. Nikamwambia mama wa usafi alete maji.

Alitazama sakafu. Pipa tulilokuwa tunaliweka wodini kwa siku kama hizo lilikuwa tupu. Asubuhi wanawake waliotumwa kuongeza maji walikuta foleni ndefu kwenye chemchemi, wakarudi, wakachukua yaliyokuwa karibu. Pipa letu likaingia tangini pamoja na mengine.

"Nilizani balikuambia, mama," alisema.

Hakuna aliyeniambia. Nilimtuma akaombe funguo za kufuli. Alirudi mbio akasema rais anaomba tungoje hotuba iishe.

Nikamwachia mwenzangu mgonjwa, nikatoka mwenyewe. Ilibidi nipite mbele ya turubai, mbele ya viti vyote, na glavu zangu zilikuwa na damu, nikazificha nyuma ya mgongo kama mtoto mwizi. Mwakilishi wa mkoa alikuwa anaeleza kwamba maendeleo ya kweli ni ya muda mrefu. Nilisimama mbele ya rais wetu nikanyoosha mkono.

"Funguo, tata," nilisema, kama tunavyowaita wazee.

Aliendelea kuwatabasamia wageni, akanijibu bila kufungua meno. "Mama munganga, vumilia kidogo. Kidogo tu."

"Muke anapoteza damu, tata."

"Na Kasaji? Unasahau Kasaji?"

Sikuwa nimesahau. Nilimwona mama yangu waziwazi, amelala njiani, bidoni imeviringika mbali. Nilimchukia yule mzee kwa kusema kweli. Lakini mkono sikuurudisha. Mwakilishi wa mkoa alinyamaza kidogo katikati ya sentensi, watu wakaanza kutugeukia. Rais akaingiza vidole mfukoni, akaniwekea funguo kiganjani.

Nilipofungua, maji yalikuja kwa nguvu. Mtoto alitoka haraka, akalia. Mama yake hakutulia. Damu iliendelea, nikampiga sindano, nikamkanda tumbo kwa nguvu zangu zote, nikakuta amechanika, nikaosha ili nione, nikashona, nikaosha tena. Kila ndoo niliyojaza nilijua inatoka wapi na inamnyima nani. Nje kwaya ilikuwa inaimba. Nilimwambia yule mwanamke asilale, anitazame mimi, nami nikawa nalisikiliza bomba linavyopungukiwa sauti. Maji yakawa membamba, yakawa matone, yakakatika. Damu nayo ikapungua. Midomo yake ilikuwa imepauka, lakini mapigo yalirudi, na aliuliza mtoto yuko wapi.

Nilikaa kwenye kiti kidogo. Kwaya ilikuwa inarudia wimbo iliokwisha kuuimba, na hapo nikajua rais anavuta muda. Kisha wimbo ukaisha.

Nilipotoka kumtafuta mume, utepe ulikuwa umekatwa. Kiongozi wa ujumbe, mama wa makamo mwenye viatu vya chini na kofia ya jua, alikuwa ameshika bomba la uani. Lilikohoa, likatema maji ya kulowesha vidole, likatoa hewa. Beseni jipya lilikaa chini yake, kavu. Fundi wa mabomba alikuwa anatazama viatu vyake. Yule mgeni akageuka, akaniona na aproni yangu ilivyokuwa, akaniuliza kwa Kifaransa kuna nini.

Rais alinitangulia. Sijawahi kumwona mtu akifikiri haraka namna ile. Alisema maji yametumika wodini, kwamba wakati sisi tunatoa hotuba mtoto amezaliwa kwa maji ya bomba la mkataba, na tangi litajaa tena muda si mrefu.

Mgeni aliweka mkono kifuani, machozi yakamlenga. Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akapendekeza mtoto aitwe Mkataba. Hata mwakilishi wa mkoa alicheka. Jalada likafunguliwa mezani kati ya chupa za soda, mgeni akaomba kalamu.

Kila neno alilosema rais lilikuwa la kweli, isipokuwa la mwisho. Nami sikutakiwa kufanya lolote. Nilitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza si kazi. Rais alinitazama, na macho yake hayakuwa ya vitisho, yalikuwa ya kuomba. Nilimfikiria mama. Halafu nikafikiria mwanamke mwingine atakayeletwa kesho au keshokutwa kwa mlango ule ule wa nyuma, akute pipa tupu na bomba kavu, huku karatasi zote za nchi mbili zinasema hapa maji yapo. Baada ya sahihi, nani angemleta mchimba kisima arudi? Na huko Kasaji wangechimba namna ile ile, na mama yangu angesherehekea kisima cha mvua moja tu, kiangazi kikauke.

Hizo ndizo sababu nilizozipanga baadaye. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Nilikuwa na damu ya mtu mpaka kwenye viwiko na sikuwa na maji ya kuiosha, na watu walikuwa wanapiga makofi.

Nilisema kwa Kifaransa kwamba kisima kimekauka, kwamba tangi halitajaa, kwamba maji yale tuliyabeba kichwani ili wao wayaone, na mimi mwenyewe nilibeba. Kisha nikaomba kama kuna mwenye maji garini, nina mgonjwa wa kusafisha.

Mgeni hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtuma dereva wake, akaleta katoni ya chupa. Alirudisha kifuniko kwenye kalamu, akamwuliza rais maswali, akaenda mwenyewe kuwasha pampu, akaisikiliza inavyosaga hewa. Aliporudi alisema hawezi kupokea kisima kisicho na maji, na waliokichimba watarudishwa kwa gharama yao. Nilipumua. Kisha akasema awamu ya pili yote itasimama mpaka ijulikane maji yamekimbilia wapi. Nilimwuliza kama na Kasaji. Alisema yote.

Walirudi kweli, wakashuka chini zaidi, na siku hizi bomba la wodi yetu linatoa maji hata kiangazi. Kasaji bado wanangoja. Ila mchana ule sikuwa na habari ya yatakayokuja. Niliona tu turubai linafungwa na kwaya inapanda lori kimya. Rais alikuja akasimama karibu nami, amevua tai.

"Mama, umefunga mayi ya mama yako mwenyewe," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alichukua viti viwili akaondoka navyo.

Nilimpigia mama simu kabla jirani au redio haijamfikia. Sikusalimia vizuri. Nilimwambia kisima chao kitakawia.

"Itakawia mpaka wakati gani?"

"Sijui, mama."

Nikamweleza yote bila kuruka kitu, bidoni, kufuli, damu, kalamu, na nilichosema. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na lingenipunguzia. Nilimsikia akifukuza kuku mlangoni.

"Ule muke iko muzima?" aliuliza.

"Iko muzima."

"Na mutoto?"

"Naye iko muzima. Ni mwanamuke."

"Asante Mungu." Akashusha pumzi. "Basi, mwana wangu, acha mi niende ku mto giza haijaingia bado. Ku nyumba hakuna mayi."